Kreti hurudi Mbeya, plastiki hubaki Nyasa

Lori la vinywaji linaposhuka kutoka Mbeya, likapita baridi ya Tukuyu na mashamba ya chai, hadi likaingia kwenye joto la Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, huwa limebeba mizigo ya aina mbili. Kuna kreti za soda na bia za chupa za kioo, na kuna vifurushi vya chupa za plastiki, za maji na za soda zile wanazoziita teki awei. Mwenye duka akitaka kreti mpya, sharti atoe kreti yenye chupa tupu. Asipokuwa nayo, analipia chupa na kreti juu ya bei ya kinywaji. Kwa hiyo lori linapopanda kurudi Mbeya linabeba zile chupa tupu, zikaoshwe, zijazwe na zishuke tena bondeni. Chupa moja ya kioo huweza kufanya safari hiyo zaidi ya mara 20.

Za plastiki hazirudi. Soda ikishanyweka, kiwanda hakina habari nazo, dereva hana habari nazo, na mwenye duka hadaiwi chochote.

Tofauti hiyo haikuletwa na tabia za watu wa Kyela. Mnywaji ni yule yule, duka ni lile lile, na barabara ni moja. Aliyepanga chupa ya kioo irudi ni kiwanda, kwa kuwa ile ni mali yake na inakigharimu kuipoteza. Aliyepanga ya plastiki isirudi ni kiwanda hicho hicho, kwa kuwa ni nafuu kwake kuiacha huko ilikoangukia. Wataalamu wanapozungumzia uchumi mzunguko, yaani uchumi ambao vitu vilivyotumika hurejea kazini badala ya kutupwa, wengi hudhani ni somo la kigeni linalohitaji mitambo mikubwa. Kyela wanaliishi kila siku kwa nusu ya bidhaa zao. Kilichobaki ni kuwabana wanaopeleka ile nusu nyingine kwenye mwambao wa Nyasa wapange na njia ya kurudi, tena waigharimie wenyewe.

Ushahidi uko sokoni. Ukizunguka Kyela mjini au Ipinda, huwezi kukuta dumu la lita 20 limetupwa mtaroni. Dumu lililoleta mafuta ya kula lina bei likiwa tupu: kuna anayelitaka kwa mawese, kuna anayelitaka kwa maji. Tenga lililoleta nyanya hurudi kwa wenye nyanya. Tairi lililochoka huwa katambuga, na mpira wa ndani hukatwa vipande vya kufungia mizigo kwenye baiskeli na bodaboda. Chuma chakavu hakilali nje usiku mmoja. Hakuna semina iliyowafundisha watu hayo. Bei ndiyo iliyofundisha.

Sasa itazame chupa ndogo ya maji ya plastiki. Uzito wake hauzidi gramu 20, kwa hiyo mwokotaji anahitaji chupa zisizopungua 50 ili apate kilo moja, na wanunuzi wakubwa wa plastiki wako Dar es Salaam, mamia ya kilomita kutoka Kasumulu, mpakani mwa Malawi. Kila kilomita inakula sehemu ya bei ile. Ndiyo maana waokota chupa wamejaa Dar es Salaam, ambako kiwanda kiko karibu, na kazi hiyo hufifia kadiri mtu anavyokwenda mbali. Pakiti za sabuni ya unga, biskuti na mafuta ya nywele ziko katika hali mbaya zaidi. Zimetengenezwa kwa tabaka za vitu tofauti vilivyogandamizwa pamoja, na hakuna mnunuzi anayezitaka, awe wa karibu au wa mbali.

Mahali pengine pengeweza kuvumilia uzembe huo kwa muda. Kyela haiwezi, kwa sababu ya jiografia yake. Ni bonde tambarare lenye mvua nyingi, linalopokea maji ya milimani, ikiwemo Rungwe na Livingstone, kupitia mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe, na mafuriko ya masika ni jambo la kawaida. Kinachotupwa mtaroni Tukuyu kinaweza kufika Matema bila nauli. Na kikishaingia ziwani, kimefika mwisho wa safari. Ziwa Nyasa lina urefu wa kilomita zipatazo 580 na kina cha takriban mita 700, la pili kwa kina barani Afrika baada ya Tanganyika. Mto unaotoka ni mmoja tu, Shire, kule kusini Malawi, na sehemu kubwa ya maji yake huondoka kwa njia ya mvuke. Mvuke haubebi plastiki.

Ziwa hilo ndilo lenye aina nyingi za samaki kuliko ziwa lolote duniani. Mbasa, samaki anayependwa sana ukanda huu, hupanda mitoni kutaga mayai, katika mito ile ile inayotelemsha taka. Usipa, dagaa wa Nyasa, ndiye kitoweo cha maelfu ya kaya. Mtu anayeiona chupa iliyotupwa kama suala la usafi wa mji tu hajaufikiria mfuko wa mvuvi.

Hali inakuwa wazi zaidi kwenye vijiji vilivyo chini ya Milima ya Livingstone, ambavyo kwa miaka mingi vimetegemea mitumbwi, boti na meli. Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari ilijenga matishari mawili ya ziwa hilo, MV Njombe na MV Ruvuma, yaliyokamilika mwaka 2017, kila moja likiwa na uwezo wa kubeba tani 1,000, na MV Mbeya II iliyozinduliwa Januari 2021, inayobeba abiria 200 na mizigo ya tani 200. Kutoka bandari za Kiwira na Itungi, vyombo hivi huufuata mwambao kupitia Matema, Lupingu na Manda hadi Mbamba Bay. Kila pakiti ya biskuti na kila chupa ya plastiki iliyoko kwenye vijiji hivyo ilipakiwa na mtu, ikaandikiwa risiti, ikashushwa ufukweni. Hakuna aliyeipangia tiketi ya kurudi.

Upande wa pili wa biashara hiyo kuna wafinyanzi wa kabila la Wakisi. Wanawake wa kijiji cha Ikombe wameuza vyungu vyao kwa vizazi vingi, vikivushwa kwa mitumbwi hadi soko la Jumamosi la Lyulilo, karibu na Matema, na kutoka hapo vikaenea Mbeya na kwingineko. Chungu kikivunjika, vigae vyake ni udongo, na udongoni ndiko vilikotoka. Mfinyanzi anapeleka sokoni bidhaa isiyomwachia mnunuzi tatizo, kisha anarudi nyumbani na sabuni iliyofungwa kwenye karatasi ya plastiki itakayobaki kijijini baada yake na baada ya wajukuu wake. Mbele ya ukweli huo ni vigumu kumwambia mama huyo kwamba yeye ndiye anayehitaji elimu ya mazingira.

Serikali haikukaa kimya. Machi 2017 ilipiga marufuku pombe za viroba, na tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Hatua hizo zilifanikiwa kwa kiwango ambacho wengi hawakukitarajia, na rambo zilizokuwa zikipeperuka kwenye miti ya kila mji zilitoweka. Lakini marufuku hushughulikia kitu kimoja baada ya kingine, na wafanyabiashara huwa hatua moja mbele. Vifungashio vyepesi, vilivyoruhusiwa kwa kufungia bidhaa tu, vikageuzwa kuwa mifuko ya kubebea, na mwaka 2021 Serikali ikalazimika kurudi kuvipiga vita. Ng'ambo ya Mto Songwe, Malawi ilipiga marufuku plastiki nyembamba mwaka 2015, ikajikuta mahakamani na wenye viwanda kwa miaka kadhaa, hadi Mahakama ya Juu ya Rufaa ilipoiunga mkono mwaka 2019. Na huwezi kupiga marufuku kila kifungashio. Watu wanahitaji maji salama, chumvi kavu na dawa ambazo hazijaguswa na mikono.

Dawa ya muda mrefu ni kuufanya mnyororo wa ugavi uwe na njia mbili, na kuna mahali duniani ambako jambo hilo limefanyika kwa sheria. Ujerumani iliweka amana ya senti 25 za euro kwenye chupa na makopo ya kutumika mara moja tangu mwaka 2003, na zaidi ya 9 kati ya kila 10 hurudishwa. Brazili ina mfano unaoigusa Kyela zaidi. Sheria yao ya mwaka 2000 iligawa kazi ya kurejesha makopo matupu ya viuatilifu: mkulima anayasuuza na kuyarudisha, muuzaji anayapokea, mtengenezaji anayasafirisha na kuyashughulikia kwa gharama yake. Zaidi ya asilimia 90 ya makopo hayo hukusanywa. Hapa kwetu, mkulima wa mpunga anayenyunyizia kiuagugu karibu na Mto Kiwira huachiwa kopo mkononi na maneno ya tahadhari yaliyoandikwa kwa herufi ndogo.

Karibu zaidi, Kenya ilipitisha Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka mwaka 2022, inayomtwika mtengenezaji na mwagizaji wajibu juu ya bidhaa yake hata baada ya kuuzwa. Wakenya pia wametupatia mifano ya ubunifu inayovutia. Jahazi la Flipflopi lilijengwa Lamu kwa tani zipatazo 10 za plastiki iliyookotwa, na mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Nairobi, Nzambi Matee na kampuni yake ya Gjenge Makers hutengeneza matofali ya kutandaza chini kwa plastiki na mchanga. Kazi hizo zinastahili heshima. Hata hivyo zinaanzia mwishoni, baada ya taka kumwagika, na kila tani moja inayookotwa hufuatwa na nyingine zinazoshushwa kwenye lori.

Wala haifai kusubiri makampuni yajirekebishe kwa hiari. Mwaka 2022 Coca-Cola ilitangaza kwamba ifikapo 2030 robo ya vinywaji vyake duniani itauzwa kwenye vyombo vinavyojazwa upya. Desemba 2024 ilipotoa malengo mapya ya mazingira, ahadi hiyo haikuwemo tena. Ahadi isiyo na sheria nyuma yake huondolewa kwa tangazo moja.

Kyela ina bahati ambayo wilaya nyingi hazina: mnyororo wa ugavi uliokwishapangwa vizuri, ule wa kakao. Sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania hutoka Mkoa wa Mbeya, na Kyela ndiyo inayoongoza. Mkulima hupasua tunda, huvundika mbegu kwa siku 5 hadi 7, huzianika, kisha huzipeleka kwenye chama chake cha ushirika wa mazao, yaani AMCOS, zikapimwa, zikaingia ghalani na kuuzwa kwa mnada chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani. Wengi waliulalamikia mfumo huo ulipoanza. Lakini umeleta kitu ambacho mtu anayefikiria kurejesha vifungashio angekitamani: mkulima aliyeandikishwa, siku ya kupokea mazao inayojulikana, mizani, ghala, na lori linalofika pale kwa ratiba.

Ghala linalopokea kilo 50 za kakao linaweza pia kupokea makopo yaliyosuuzwa ya viuatilifu, mifuko mitupu ya mbolea na chupa za plastiki zilizofungwa kwenye marobota. Ruzuku ya mbolea tangu msimu wa 2022/23 hutolewa kwa mkulima aliyesajiliwa na kupewa namba. Kama Serikali inaweza kujua nani kapewa mfuko wa mbolea, inaweza pia kumpa unafuu kidogo msimu unaofuata yule aliyerudisha mifuko mitupu. Gharama ya kuanzisha ni ndogo, kwa sababu jengo lipo, karani yupo na daftari lipo.

Kakao inafundisha pia kuhusu kile kinachobaki shambani. Ganda ni karibu robo tatu ya uzito wa tunda zima. Mwaka 2024, bei ya kakao duniani ilipovuka dola 10,000 kwa tani, kila punje ilitunzwa kama mboni ya jicho, huku maganda yakiachwa marundo chini ya miti. Rundo linalooza pale huhifadhi vimelea vya ugonjwa wa kuozesha matunda, nao hurudi msimu unaofuata. Yakigeuzwa mboji, maganda hayo hurudisha potasiamu ambayo mti uliinyonya ardhini. Ghana wamekwenda mbali zaidi. Kwa muda mrefu wamechoma maganda ya kakao, wakachukua majivu yake yenye magadi ya potasi na kuyapika na mawese, ikapatikana sabuni nyeusi inayouzwa hadi Ulaya na Marekani. Kyela ina kakao na ina michikichi, mara nyingi kwenye shamba moja. Viungo viwili vya sabuni hiyo vinasimama bega kwa bega huku sabuni yenyewe ikiletwa kwa lori, ndani ya plastiki.

Mpunga nao una hesabu yake. Katika kila kilo 100 za mpunga unaokobolewa, zipatazo 20 ni maganda. Mchele wa Kyela, wenye harufu inayojitangaza kabla sufuria haijafunuliwa, huondoka kwenda Mbeya na Dar es Salaam, na maganda hubaki kwenye mashine. Wafyatua tofali wa ukanda huu waligundua zamani kwamba maganda hayo huchoma tanuru vizuri, na kila tanuru linalochomwa kwa maganda ni miti iliyobaki imesimama. India, katika jimbo la Bihar, kampuni ya Husk Power Systems ilianza kwa kufua umeme wa vijijini kwa maganda ya mpunga. Mwenye mashine ya Kyela ambaye leo anayachoma maganda ili yaondoke njiani anachoma mtaji.

Kuna mapingamizi yanayostahili kujibiwa. La kwanza ni kwamba amana itapandisha bei kwa maskini. Tuseme ni shilingi 100 kwa chupa. Mnywaji hurudishiwa fedha hiyo anaporudisha chupa, na akiitupa, atakayeiokota ndiye atakayelipwa. Chupa 50, ambazo leo hazifiki thamani ya nauli, zingekuwa shilingi 5,000 mkononi mwa kijana wa Ngonga. Anayeumia ni yule asiyejali, na huyo leo anawaumiza wengine bure.

Pingamizi la pili ni umbali: kwamba viwanda vya kurejeleza viko mbali mno. Ni kweli, na ndiyo sababu gharama ya usafiri haipaswi kumwangukia mwokotaji. Kiwanda kilichopata njia ya kuifikisha chupa Kasumulu ikiwa imejaa kina lori linalorudi likiwa na nafasi. Kreti za kioo zimethibitisha hivyo kila wiki kwa miaka mingi. Vivyo hivyo ziwani, chombo kilichoshusha mizigo Lupingu kinaweza kurudi Kiwira na marobota ya plastiki, mradi bandari isitoze mzigo huo kama inavyotoza saruji.

La tatu husemwa kwa sauti ya chini: kwamba hii ni kazi ya halmashauri. Halmashauri ya Wilaya ya Kyela ina zahanati za kuhudumia, shule za kukarabati na madaraja yanayosombwa na mafuriko. Kuitaka izoe, kwa ushuru wa mchele na ndizi, takataka ambazo faida yake imekwishachukuliwa na wengine ni kuhamisha deni la kiwanda kwenda kwa mkulima.

Kazi zinazoweza kuanza mapema zinajulikana. Ofisi ya Makamu wa Rais inayosimamia mazingira, pamoja na chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, watunge kanuni ya amana kwa chupa zote za plastiki za vinywaji, na kwa pakiti zisizonunulika watoze ada itakayolipia ukusanyaji. Mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu ifanye urejeshaji wa makopo kuwa sharti la leseni ya kuingiza na kuuza dawa za mashamba. Chama kikuu cha ushirika na AMCOS zake wafungue kona ya kupokelea matupu kwenye kila ghala la kakao. Bandari iondoe tozo kwa taka zinazotoka vijiji vya mwambao. Na kwa kuwa maji ya Songwe hayajui mpaka, Kamisheni ya Bonde la Mto Songwe, iliyotokana na mkataba wa Tanzania na Malawi wa mwaka 2017, iliweke suala hili mezani, ili chupa iliyouzwa Karonga, upande wa Malawi, iweze kupokelewa Kasumulu, na ya Kasumulu ipokelewe Karonga.

Bunge likikaa tena kujadili bajeti ya mazingira, wabunge wa Mbeya, Njombe na Ruvuma, mikoa mitatu yenye mwambao wa Nyasa, waulize swali moja la pamoja: kila bidhaa inayopelekwa ziwani, nani amelipia safari yake ya kurudi? Wasikubali jibu linaloishia kwenye kampeni ya usafi.